Kuondoa Adha Njiani: Hotuba Juu ya Moshi wa Magari

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba hewa akaieneza juu ya ardhi bila ya kumtoza kiumbe ushuru, akawafanya tajiri na fukara kuwa sawa katika haja ya pumzi. Tunamhimidi, tunamwomba msaada, tunamtaka maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye, aali zake, sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baadu. Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria hapa Ng'ambo, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, madukani na safarini, tunakuusieni, na tunajiusia wenyewe kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Ucha Mungu hauachwi mlangoni pamoja na viatu wakati wa kuingia msikitini, ukavaliwa tena wakati wa kutoka. Hufuatana na mtu mpaka sokoni, mpaka stendi, mpaka juu ya kiti cha pikipiki. Na hotuba yetu ya leo ni juu ya jambo la barabarani.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba imani ina matawi sabini na zaidi, na kwamba la juu kabisa ni kulitamka neno la tauhidi, na la chini kabisa ni kuiondoa adha katika njia. Watu wengi huisikia hadithi hii wakaliona tawi hilo la chini kuwa dogo, la kuachiwa watoto na wafagiaji. Lakini Bwana Mtume huyo huyo ametuhadithia habari za mtu aliyepita njiani akaona tawi la miiba, akalisogeza. Na kwa kitendo hicho Mwenyezi Mungu alimshukuru akamsamehe madhambi yake. Tawi moja la miiba! Basi tusiyapime mambo kwa udogo wake machoni mwetu.

Wanavyuoni walipolieleza neno adha walitaja jiwe, donge la udongo, mwiba na mfano wa hayo. Walitaja vile walivyovijua katika njia za zama zao. Lakini neno lenyewe halikufungwa kwa mwiba wala kwa jiwe. Kila kimdhurucho mpita njia kinaingia ndani yake. Na katika zama zetu hizi iko adha moja kubwa ambayo mguu haujikwai kwayo, wala mkono hauwezi kuinyanyua na kuitupa pembeni. Nayo ni moshi utokao katika magari na pikipiki.

Mji wetu huu ni mtoto wa njia. Kabla ya reli na kabla ya lami, misafara ya pembe ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia ile kwa nyayo zao. Adha zake zilikuwa kiu, miiba, simba na homa. Na kubwa kuliko zote ilikuwa ya kutengenezwa na wanadamu, nayo ni minyororo shingoni mwa wanadamu wenzao, jambo ambalo sisi watu wa mji huu hatuna ruhusa ya kulisahau kila tunapojivunia ukale wetu. Katika njia hiyo hiyo walikuwapo pia waliofanya wema. Miembe mikongwe tunayoiona Tabora na Ujiji wazee wetu huinasibisha na misafara, na mpaka leo mtu hupumzika chini ya kivuli chake asimjue aliyeipanda. Mwaka 1912 reli ilifika hapa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Katika miaka ya karibuni lami nayo imefunguliwa upande wa Nzega, upande wa Itigi, upande wa Urambo na upande wa Sikonge. Hizi ni neema. Mgonjwa anawahi hospitali, mkulima anafikisha asali na mpunga wake sokoni, na mwana anamzika mzazi wake kwa wakati. Hatukupanda mimbari kuitukana neema. Lakini kila neema ina haki yake, na njia inayo haki yake, nayo tumeambiwa wazi.

Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Wakasema kwamba hawana budi na vikao vyao vya kuzungumza. Akawajibu kwamba ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake. Na walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia kuinamisha macho, kuzuia adha, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tazameni, ndugu zetu: kuzuia adha limetajwa pamoja na kuinamisha macho na kuitika salamu. Tunao wengi walio waangalifu sana kuitika salamu, na injini zao zinaunguruma mbele ya nyuso za watu.

Sasa yatupasa tuijue adha hii ni kitu gani, maana mtu hawezi kuondoa asichokijua.

Ndani ya moshi wa dizeli na petroli mna chembe ndogo mno. Zile ambazo waganga wanazihofia zaidi zina upana usiozidi maikromita mbili na nusu, yaani ukizipanga kama thelathini ndipo unapata upana wa unywele mmoja wa kichwa. Vumbi la kawaida hunaswa na nywele za puani, likatoka kwa chafya au kwa kamasi. Chembe hizi hazinaswi. Hushuka mpaka mwisho wa mapafu, na nyingine huvuka zikaingia katika damu. Kwa hiyo madhara yake hayaishii katika kikohozi na pumu. Hufika katika moyo na ubongo, yakaleta mshtuko wa moyo na kiharusi, na kwa mama mjamzito huweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito pungufu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu vilivyothibiti kuleta saratani kwa binadamu. Mwaka 2021 Shirika hilo lilikipunguza kwa nusu kipimo cha chembe hizo ambacho hewa ya mwaka mzima haifai kukizidi, kutoka maikrogramu 10 mpaka 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Nalo linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani pamoja, huhusika na vifo vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani.

Atasema msemaji: hayo ni ya Dar es Salaam, kwenye misururu ya magari, au ya Nairobi, Tabora ni mji wa miembe na upepo. Tunamjibu kwamba kifua hakiujui ukubwa wa mji. Kifua kinajua umbali uliopo baina ya pua na bomba la moshi. Moshi huwa mzito kabisa ukingoni mwa barabara, hupungua upesi katika makumi machache ya mita za mwanzo, na ukifika mita 150 au 200 aghalabu umekwisha kuchanganyika na hewa nyingine. Basi mtu aliyekaa Ng'ambo, kiti chake kikiwa hatua mbili kutoka kijiwe cha bodaboda, huweza kuvuta moshi mwingi kuliko mkazi wa Dar es Salaam aliyejenga mbali na barabara. Na tunayo mambo yanayotuzidishia. Katika miezi ya Juni na Julai ardhi ya Unyamwezi hupoa sana usiku. Alfajiri hewa baridi hulala chini kama maji katika sinia, na ile ya vuguvugu iliyo juu huwa kama kawa. Moshi hauna pa kutokea. Nayo ndiyo saa ambayo mabasi yanaungurumishwa stendi, na watoto wanakwenda shule.

Na katika wote, mtoto ndiye anayedhurika zaidi. Huvuta pumzi nyingi kuliko mtu mzima kwa kulinganisha na uzito wa mwili wake, mapafu yake bado yanakua, na kimo chake kinamweka karibu na lilipo bomba. Huko London, katika mtaa wa Lewisham, alikuwako mtoto wa kike jina lake Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekaa karibu na barabara kubwa. Alishikwa na pumu kali, akalazwa hospitali mara nyingi, akafariki mwezi wa Februari 2013 naye ana miaka 9. Mama yake hakukubali jambo lile lipite kimya. Mwezi wa Desemba 2020 mchunguzi wa vifo wa huko alitoa hukumu kwamba hewa chafu ya magari ilichangia katika kifo chake, na hiyo ikawa mara ya kwanza katika Uingereza kwa sababu hiyo kuandikwa katika kifo cha mtu. Sisi tunaamini kwamba ajali ya kila mtu i mikononi mwa Mola wake. Lakini kuiamini kadari hakumwondolei dhima aliyesababisha. Mwenye kumgonga mtoto kwa gari hasemi mbele ya kadhi kwamba siku zake zilikuwa zimekwisha, akaachiliwa.

Kuhusu hukumu ya sheria, msingi wake ni mwepesi kueleweka. Hadithi ya thelathini na mbili katika Arubaini za Imam Nawawi, ambayo watoto wetu wa madrasa huihifadhi, inatufundisha kwamba hapana ruhusa ya kudhuru wala ya kulipizana madhara. Juu ya hadithi hiyo wanavyuoni wamejenga kanuni kwamba madhara huondolewa; na Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijra, ameihesabu katika zile kanuni tano kubwa zinazoibeba fiq'hi yote. Wanavyuoni wa madhhabi ya Imam Malik waliuzungumzia moshi wenyewe: moshi wa hamamu na wa tanuri za mikate unaomwingilia jirani nyumbani mwake, wakasema kwamba mwenye nao huzuiliwa. Haya waliyasema karne nyingi kabla ya kuundwa gari la kwanza. Sisi hapa ni watu wa madhhabi ya Imam Shafii, na maimamu wetu wamempa mwenye mali nafasi kubwa zaidi ya kutumia mali yake kama ilivyo desturi. Lakini barabara si mali ya mtu. Ni ya wapitao wote.

Zaidi ya hayo, Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi kuukaribia msikiti, akabainisha kwamba malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Sayyidna Umar (R.A.) alieleza juu ya mimbari kwamba alimwona Mtume akiamuru mtu wa namna hiyo atolewe mpaka Baqii. Kitunguu, ndugu zetu, ni chakula halali, na harufu yake haimwui mtu. Ikiwa harufu ya chakula halali ilimtoa mtu msikitini, tusemeje juu ya moshi mweusi wa injini iliyokosa matengenezo, unaoingia kwa madirisha ya msikiti huku watu wamesujudu?

Labda mtu atakata tamaa aone kwamba jambo hili ni la dunia nzima nasi hatuna uwezo nalo. Na atazame habari za risasi. Tangu miaka ya 1920 petroli ilikuwa ikitiwa madini ya risasi ili injini zisigonge. Risasi hiyo ilitoka katika moshi ikaingia katika damu za watoto, ikadhuru akili zao. Ilichukua miaka mingi ya ukaidi wa wenye faida. Kisha mwezi wa Juni 2001 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikutana Dakar zikaazimia kuiacha, na ilipofika Januari 2006 zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani, nayo ni Aljeria, ilimaliza kuuza petroli hiyo kwa magari mwezi wa Julai 2021. Vilevile tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja. Basi iko adha ya njia iliyokwisha kuondolewa machoni mwetu, na wengi wetu hatukujua hata ilipoondoka.

Lakini mafuta yakiwa safi na moyo wa mwuzaji ukiwa mchafu, faida iko wapi? Mnayakumbuka mambo ya uchakachuaji, jinsi watu walivyochanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli ili wapate shilingi chache, hata Serikali ikalazimika mwaka 2010 kuanza kuyatia mafuta alama maalumu, na mwaka 2011 kuiongeza kodi ya mafuta ya taa ili tamaa hiyo ivunjike. Mwenye kufanya vile amejumlisha dhambi mbili: ameghushi katika biashara, na ameharibu injini za watu zikawatapikia wenzao moshi.

Sasa tuje katika yale yaliyo mikononi mwetu, hapa hapa Ng'ambo, kuanzia leo.

Wa kwanza kusemeshwa ni mwenye chombo, maana yeye ndiye atoaye. Enyi vijana wetu wa bodaboda na bajaji, nyinyi ni wana wetu, na riziki yenu ni ya halali, nasi tunakuombeeni baraka. Jina lenu lenyewe lilianza na baiskeli, huko mpakani Busia baina ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, na baiskeli haina moshi. Nyinyi mnashinda barabarani tangu alfajiri mpaka usiku, kwa hiyo hapana anayeuvuta moshi huu kuliko nyinyi. Mkiwa kijiweni mnangoja abiria, zimeni injini. Kuiacha ikiunguruma zaidi ya dakika moja hula mafuta mengi kuliko kuizima na kuiwasha tena, hivyo hata mwenye kuangalia mfuko wake tu atanufaika. Msilifuate lori nyuma mkalibusu. Kaeni mbali nalo, au pitieni barabara nyingine. Na asing'oe mtu sailensa ili pikipiki yake ipige kelele za kumshangaza bibi kizee aliye barazani.

Wenye magari na malori nao waangalie moshi wao. Moshi mweusi wa dizeli ni ushahidi kwamba mafuta hayaungui sawasawa: aghalabu nozeli zimechoka, au chujio la hewa limeziba, au mzigo umezidi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Fundi yeyote hodari atakuelezeni. Mtu hutia rangi gari lake, akaliandika jina la Mwenyezi Mungu kiooni, na nyuma linawafukiza waja wake! Tena msidhani kwamba aliye ndani ya gari amesalimika. Gari linalolifuata lori huvuta moshi wa lori lile likauleta mpaka kitini. Hapo dereva afunge vioo, azuie hewa ya nje isiingie, aache nafasi, mpaka watakapoachana.

Wa pili ni sisi tunaovuta. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul Baqara tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizo, na pumzi ni amana. Mtu anayekwenda kwa miguu, ikiwa anaweza kupita njia za ndani za mtaa badala ya ukingo wa barabara kuu, na apite ndani, ijapokuwa ni ndefu kidogo. Watoto wafundishwe njia hiyo ya kwendea shule na madrasa, na mkubwa amshikapo mdogo mkono amweke upande ulio mbali na magari. Mwenye pumu, mzee wa moyo na mama mjamzito wasisimame stendi saa ya mabasi kuungurumishwa. Wangoje pembeni mpaka waitwe. Na mtu asidanganyike na leso au kanga ya kujifunika pua. Inazuia vumbi, na hilo ni jema katika kiangazi chetu, lakini zile chembe ndogo hupenya ndani yake. Barakoa za kitaalamu zinazobana vizuri usoni ndizo zinazozuia, na mwenye kuzimudu katika kazi ya barabarani asione haya kuzivaa.

Walimu wa madrasa tunawaomba jambo moja mahususi. Madrasa zetu nyingi ziko katika vyumba vya mbele, dirisha likitazama barabara, kwa kuwa ndipo palipopatikana. Ikiwa uko ua wa nyuma, mikeka ihamishiwe ua wa nyuma. Ikiwa hakuna, dirisha la barabarani lifungwe katika saa za magari mengi, likafunguliwa la upande wa pili. Na mahali palipo na nafasi baina ya jengo na barabara pasiachwe patupu: pandeni ua mnene wa mti wenye majani mengi tangu chini. Mti mrefu kama mwembe hutoa kivuli na thawabu, lakini kwa kuzuia moshi unaotoka chini, ua mfupi uliosongamana hufaa zaidi.

Yuko mmoja ambaye hali yake imetushughulisha. Naye ni mama auzaye vitumbua au chai ukingoni mwa barabara. Ni rahisi kumwambia: ondoka hapo, unakula moshi, tena unawalisha watu vumbi. Lakini wateja wake wako pale pale, na akirudi nyuma mita hamsini jioni atarejea na sinia lake, na watoto wanamngoja. Sisi hatuoni kwamba ni haki mzigo wa kuondoa adha kutwishwa yule asiyeitoa. Akiweza kusogea hatua kumi nyuma na kukifunika chakula chake, ni vizuri, na atapungukiwa moshi. Bali wajibu ni wa yule anayesimama mbele yake na pikipiki, bomba likielekea jiko lake, injini inawaka, naye anachagua kitumbua. Zima kwanza, ndugu yetu. Geuza bomba. Kisha chagua.

Na yale mambo ya kuchoma takataka kando ya barabara, plastiki na mipira ya magari, hayahitaji maelezo. Ni moshi juu ya moshi, na waache mara moja.

Tumekwisha kuyasema haya. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Nanyi mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa ihsani yake, na shukrani ni zake kwa taufiki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake mteule, aali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, katika Sahihi ya Bukhari, Bibi Aisha (R.A.) anasimulia kwamba watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani mwao na vitongojini mwa Madina wakipita katika vumbi, wakafika wametapakaa vumbi na jasho, na Mtume (S.A.W.) akatamani lau wangelijisafisha kwa ajili ya siku hii. Kwa hiyo uchafu wa njia ulifikiriwa tangu zama hizo, na siku ya Ijumaa ilipewa usafi wake maalumu.

Na katika hadithi ya Aws bin Aws (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Bwana Mtume amemsifu mwenye kuoga siku ya Ijumaa, akawahi mapema, akaja kwa miguu bila ya kupanda, akakaa karibu na imamu akasikiliza, akamwahidi kwa kila hatua thawabu ya mwaka mzima, saumu yake na visimamo vyake. Watu wa Banu Salima nao walipotaka kuhama wakaribie msikiti, aliwataka wabaki makwao, maana nyayo zao zinaandikwa. Leo mtu anakaa nyumba ya tano kutoka msikitini, na anakuja kwa gari! Mgonjwa ana udhuru, mzee ana udhuru, na atokaye mbali ana udhuru. Lakini kijana mwenye afya aliye umbali wa robo saa hana ila uvivu, naye ameiuza thawabu ya mwaka kwa kila hatua ili achafue hewa ya wenzake.

Kwa hiyo tumeagana na wazee wa msikiti jambo hili, na tunalitangaza: uwanja ulio mbele ya msikiti hautaegeshwa tena chombo chochote siku ya Ijumaa upande wa madirisha. Vyombo vitakaa upande wa pili wa uwanja, na injini itazimwa papo hapo mtu anapofika. Mwenye kumsubiri mtu nje naye azime. Tumewaona madereva wakiisikiliza hotuba kwa redio ndani ya gari, injini inawaka, kana kwamba redio haiwezi kusema bila ya injini. Na baada ya sala watu wasiwashe wote kwa mara moja huku watoto na wazee wako mlangoni. Watangulizwe waendao kwa miguu.

Lipo fungu la wenye mamlaka. Nchi yetu inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mwaka 2007 zilitolewa kanuni za viwango vya ubora wa hewa chini ya sheria hiyo. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alihofia kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraki kwa sababu hakumtengenezea njia. Yeye alikuwa Madina. Tunawaomba viongozi wetu wa manispaa, kwa heshima, waangalie kwa jicho hilo mahali pa kuweka stendi, vijiwe na njia za malori, wayaweke mbali na shule na zahanati. Na askari wa usalama barabarani alitazame bomba la gari kama anavyoitazama leseni. Tunaona heri pia katika reli mpya. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kazi ya kuileta reli hiyo Tabora inaendelea. Treni ya umeme haitoi moshi inapopita, na kila mzigo utakaohamia relini utapunguza lori moja barabarani.

Lakini serikali haiwezi kumweka askari juu ya kila pikipiki. Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, kama alivyoupokea Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir (R.A.). Wa chini walitaka kutoboa tundu katika fungu lao ili wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu; wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Basi kijana anayeona rafiki yake anaungurumisha injini kijiweni na amwambie kwa upole. Mke amwambie mumewe. Abiria amwambie dereva, na akijibiwa vibaya asubiri. Naye mwenye kuambiwa asikasirike akasema kwamba chombo ni chake, maana hata wale wa chini walisema kwamba fungu ni lao.

Na jambo la mwisho ni la majumbani, kwa sababu ni ndugu wa hili. Ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, hutoka katika injini na hutoka pia katika jiko la makaa. Asiwashe mtu gari au jenereta ndani ya chumba kilichofungwa, wala asilale na jiko la mkaa chumbani katika baridi hii ya kipupwe. Mtume (S.A.W.) alituamuru tuzime moto kabla ya kulala, baada ya nyumba moja ya Madina kuungua usiku na watu wake wamo ndani.

Ewe Mwenyezi Mungu, wasamehe waumini wanaume na waumini wanawake, walio hai na waliokufa. Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu wa kifua, na uyahifadhi mapafu ya watoto wetu. Wabariki vijana wetu wanaotafuta riziki barabarani, uwarejeshe salama kwa mama zao. Waongoze viongozi wetu katika yale unayoyaridhia. Warehemu waliotupandia miti katika njia hii tusiowajua kwa majina. Amin.

Simameni kwa sala.